Mcheza kwao hutunzwa: Uwanja wa shule uwe darasa la mila na afya

Katika shule nyingi za msingi za magharibi mwa Tanzania, michezo na mila hukutana siku moja tu, nayo ni siku anapokuja mgeni rasmi. Kikundi cha ngoma hutolewa darasani, watoto hufungwa njuga miguuni, hucheza robo saa mbele ya meza kuu, kisha huombwa wapishe mechi ianze. Wanaocheza ngoma hawajaambiwa kwa nini mababu zao waliicheza. Wanaocheza mpira hawajaambiwa kwamba ngoma ile nayo ni kazi ya pumzi, misuli na mlo. Hotuba ikiisha, njuga na jezi hurudi stoo, na shule husubiri mgeni mwingine.

Tunapoteza mengi kwa utaratibu huu. Tuna watoto wanaopenda kucheza, tuna wazee wanaojua mengi, tuna maradhi yanayozuilika, na tuna uwanja. Vitu hivi vinne vimekaa kijiji kimoja bila kukutanishwa. Hoja yangu ni kwamba kipindi cha michezo ndicho mahali bora pa kumfundishia mtoto utamaduni wa kwao na namna ya kuutunza mwili wake, na kwamba vitu hivyo viwili vinafaa kufundishwa pamoja. Kazi hiyo naiona ikianzia mahali kama Tura.

Tura ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na ni stesheni ya Reli ya Kati upande wa mashariki wa mji wa Tabora. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, jina hilo lilijulikana na kila mpagazi aliyetoka pwani. Msafara ukishavuka Ugogo uliingia Mgunda Mkali, nyika ndefu yenye maji ya shida, na kijiji cha kwanza cha Unyamwezi baada ya nyika hiyo kilikuwa Tura. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857 wakielekea Kaze, yaani Tabora ya leo. Kufika Tura kulimaanisha nafaka, maji na watu wa kusalimiana nao.

Waliobeba mizigo ya misafara ile kwa sehemu kubwa walikuwa vijana wa Kinyamwezi. Mzigo wa mpagazi mmoja mara nyingi ulizidi kilo 30, na safari ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilichukua kama miezi mitatu kwa miguu. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, heshima na taratibu zao. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia mbele, ngoma iliweka mwendo, nyimbo za kupokezana zilipunguza uchovu, na posho ilipimwa kwa kibaba cha nafaka. Kijana ambaye hakuwahi kuiona pwani alionekana bado hajakomaa. Njiani walijenga utani na watu wa makabila mengine, na utani huo uliwapa chakula, hifadhi na mazishi ya heshima ugenini.

Sitaki kuipamba njia ile. Ndui na njaa viliua wengi, na biashara ya watumwa ilipita katika barabara hiyohiyo. Lakini kuna somo ambalo halipaswi kupotea. Kwa watu hawa, nguvu za mwili hazikutenganishwa na wimbo, chakula, nidhamu wala uhusiano na jirani. Mtu alijifunza vyote kwa pamoja, akiwa anatembea.

Nchi yetu huru iliwahi kulielewa hilo. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akiwasikitikia wasomi waliojua dansi za kigeni na hawakujua ngoma za kwao. Mwaka 1967 lilianzishwa Baraza la Michezo la Taifa, na mwaka huohuo ikaja Elimu ya Kujitegemea. Shuleni tukapata mchakamchaka: watoto wanakimbia alfajiri kwa mistari, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, hatua zinafuata wimbo na pumzi inafuata hatua. Ukiutazama vizuri, mchakamchaka una kila kitu cha msafara isipokuwa mzigo. Kuna kiongozi, kuna wimbo wa kupokezana, kuna mwendo wa pamoja, na hakuna anayeachwa nyuma. Haukuhitaji vifaa wala fedha. Katika shule nyingi leo umebaki kumbukumbu ya wazazi.

Kilichofuata kinajulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa kipindi, kwa hoja kwamba yanaingilia masomo. Yaliporudi, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, yalirudi na nguvu, na mkoa wa Tabora umeyapokea ya ngazi ya taifa katika miaka ya karibuni. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini njia ya kumfikisha mtoto huko ni ya mchujo. Kata inachuja, wilaya inachuja, mkoa unachuja. Mtoto mmoja mwenye kipaji anapanda gari kwenda kambini, na mamia waliobaki kijijini wanarudi kuwa watazamaji. Mashindano yanatafuta wachezaji. Afya na mila ni haki ya kila mtoto, pamoja na yule asiyeweza kupiga chenga hata moja.

Kwa maandishi, hatuna upungufu. Wizara moja inasimamia utamaduni, sanaa na michezo, na kila halmashauri ina ofisa wa mambo hayo. Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka sanaa na michezo katika somo moja, na Historia ya Tanzania na Maadili imepewa nafasi yake. Hata hivyo, ukitazama tunavyoandaa wataalamu, michezo tunaifundisha Malya kule Kwimba na sanaa tunaifundisha Bagamoyo, na ni nadra wanafunzi wa vyuo hivyo viwili kusimama katika uwanja mmoja wa kijiji. Mwalimu wa Tura anabaki na somo lenye jina zuri, kitabu kimoja na mpira uliotoboka.

Sasa nizungumzie afya, maana hapa ndipo wengi hudhani mtoto wa kijijini hana shida. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na linakadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya vijana walioko shule duniani hawafikii kiwango hicho. Mtu atasema mtoto wa Tura anakifikia, kwa sababu anatembea kwenda shule, anachunga, anachota maji na kulima. Ni kweli anatoka jasho. Lakini kazi inayomchosha mtoto si mchezo unaomjenga, na afya ni zaidi ya jasho.

Tazama takwimu za mkoa wenyewe. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta maambukizi ya malaria kwa asilimia 23 ya watoto wa Tabora walio chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Utafiti wa 2015/16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 27. Ongeza tumbaku, zao linalolisha mkoa. Mtoto anayeshika majani mabichi yenye umande hufyonza nikotini kupitia ngozi, akapata kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mzazi akidhani ni homa ya kawaida, kesho anamrudisha shambani.

Mambo haya matatu hayatibiwi kwa bango ukutani. Mtoto husikia zaidi kile anachokifanya kwa mwili, pamoja na wenzake, mbele ya mtu anayemheshimu. Kabla ya mazoezi, timu nzima ikizunguka uwanja kufukia madimbwi na kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na matairi, hilo ni zoezi la kupasha mwili moto na ni somo la malaria kwa pamoja. Kocha akiwauliza wachezaji kila Jumatatu nani alilala ndani ya chandarua wiki nzima, na jibu likaandikwa kama yanavyoandikwa magoli, watoto watashindana kulala ndani ya chandarua. Wasichana wakikaa na bibi anayeheshimika baada ya mechi ya netiboli, yale ambayo mama huona haya kuyasema na mwalimu wa kiume hawezi kuyasema, bibi atayasema. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu zamani. Tumemwondolea, na nafasi yake imechukuliwa na simu.

Chakula nacho kina mahali pake uwanjani. Unyamwezi na Usukuma wana hekima ya lishe inayostahili kusimuliwa kwa fahari. Viazi vitamu hukatwa na kukaushwa vikiwa vibichi kuwa michembe, au hupikwa kwanza na kukaushwa kuwa matobolwa, vikaliwa na karanga miezi ambayo ghala limepungua. Majani ya kunde hukaushwa kuwa nsansa. Kuna ugali wa mtama na uwele, kuna uji wa ulezi. Misitu ya miombo inatoa asali iliyoipa Tabora jina, uyoga wa masika, na matunda kama ntalali, mbula na ntonga. Miembe iliyojaa Tabora ni urithi wa zama za misafara. Katikati ya utajiri huu, mtoto anayemaliza mechi hupewa soda na biskuti, na zawadi ya timu iliyoshinda ni kreti ya soda. Tunamfundisha kwa vitendo kwamba chakula cha ushindi hutoka dukani, na kwamba michembe ni chakula cha dhiki.

Shule ingeweza kufanya kinyume bila gharama kubwa. Kila timu ije na chakula cha asili kilichoandaliwa nyumbani, na kabla ya kula mzazi mmoja aeleze namna kinavyotengenezwa, kinavyohifadhiwa na kinavyofaa mwilini. Uji wa ulezi wenye karanga na asali baada ya mbio utabaki katika kumbukumbu ya mtoto kuliko mchoro wa makundi ya vyakula aliounakili ubaoni.

Na michezo yenyewe? Mpira wa miguu tunaupenda na utabaki. Lakini kandokando yake kuna michezo ambayo kizazi hiki kinaiacha: mieleka ya wavulana wa machungani, kulenga shabaha kwa upinde na kwa fimbo, rede, kombolela, mdako, kuruka kamba, na bao linalofundisha hesabu na subira. Kuna ngoma za wakulima, kama bugobogobo ya Wasukuma, ambayo wachezaji hurusha majembe na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma. Yeyote anayedhani ngoma hiyo ni burudani ya meza kuu aichezeshe dakika 20 bila kupumzika, kisha apime mapigo ya moyo wake. Ni mazoezi kamili ya mapafu, miguu, mabega na akili. Na kila mchezo una adabu yake: lini unamwachia aliyeanguka, namna ya kumpongeza mshindi bila kumdhalilisha aliyeshindwa, utani upi unaruhusiwa na upi ni matusi. Watanzania wanawaita Simba na Yanga watani wa jadi. Mtoto aliyefundishwa utani na babu atajua kumkejeli mpinzani Jumamosi na kumzika mzazi wake Jumapili.

Wengine wameshajaribu njia hii, na tuna la kujifunza kwao. Desemba 2012, Kimana, katika kaunti ya Kajiado nchini Kenya, morani wa Kimaasai walianza mashindano ya kukimbia, kuruka na kurusha rungu na mkuki yaliyochukua nafasi ya kuua simba kama kipimo cha ujana. David Rudisha, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya dunia ya mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka huohuo, alikubali kuwa mlezi wake. Ujasiri wa morani haukutupwa. Umepewa uwanja mpya, simba wakapona. Huko Buganda, mashindano ya soka ya koo yamechezwa tangu mwaka 1950. Kijana hujua ukoo na mwiko wake kwa kuvaa jezi yake, na jukwaa la Kabaka, mfalme wa Buganda, hasa mbio za siku yake ya kuzaliwa, limetumika kuhamasisha watu kuhusu selimundu, fistula na UKIMWI.

Mbali zaidi, Australia, wenyeji wa asili ambao kwa vizazi walinyang'anywa ardhi, lugha na hata watoto, wametumia uwanja wa shule kurudisha baadhi ya vilivyopotea. Mwaka 2000 kocha Gerard Neesham alianzisha Clontarf mjini Perth, programu inayowavuta vijana Waaborijini shuleni kwa kandanda yao ya Australia, kwa sharti kwamba anayetaka kucheza ahudhurie masomo na ajitunze. Baadaye kamisheni ya michezo ya nchi hiyo ilichapisha Yulunga, mkusanyiko wa michezo ya asili zaidi ya 100 ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, kila mmoja ukiwa na maelezo ya kumwezesha mwalimu yeyote kuuchezesha. Jambo la kuiga ni hilo la kuandika. Sisi ambao lugha zetu zingali hai na wazee wetu wangali na sauti, hatuna kijitabu kama hicho cha michezo ya Unyamwezi kilicho mkononi mwa mwalimu.

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza: tutaamsha ukabila. Wanaolisema wana sababu, maana umoja wetu ulijengwa kwa jasho. Lakini Tura ndiyo inayojibu pingamizi hilo vizuri zaidi. Iko mpakani mwa Unyamwezi, na nyika iliyo jirani ni ya Wakimbu. Wagogo na Wanyaturu hawako mbali, na Wasukuma wamehamia na ng'ombe wao. Darasa moja linaweza kuwa na watoto wa makabila matano. Utamaduni ukifundishwa hapo hauwezi kuwa wa kabila moja, labda mwalimu alazimishe. Juma hili Mnyamwezi afundishe, juma lijalo Mgogo, na mtoto wa Kisukuma acheze ngoma ya Kikimbu mpaka aipende. Ukabila hulelewa na kutojuana. Watani wa misafara walilijua hilo kabla yetu.

Pingamizi la pili ni kwamba si kila mila ni njema. Ni kweli kabisa. Mila inayomwoza msichana akiwa shule, inayomshuku bibi kizee kuwa mchawi kwa macho yake mekundu, au inayomnyima mtoto wa kike muda wa kucheza, haina nafasi uwanjani. Ndiyo sababu jambo hili lifanyike shuleni, mchana, mbele ya walimu na wazazi, ambapo jamii inaweza kuchagua cha kurithisha na cha kuzika. Kuiacha mila ijifundishe yenyewe gizani ndiyo hatari.

La tatu ni muda na fedha. Muda upo katika ratiba. Kinachotakiwa ni kuacha kuukopa kwa ajili ya mazoezi ya mtihani. Tena kipindi kiwe ndani ya saa za shule, kwa sababu kikiachwa jioni wavulana watabaki uwanjani na wasichana watakwenda kisimani. Kuhusu fedha, mieleka haihitaji nyavu na mchakamchaka hauhitaji viatu. Yale machache yanayohitajika, kama mipira, huduma ya kwanza, maji safi ya kunywa na posho ya heshima kwa mzee anayekuja kufundisha, yalipwe na ushuru wa mazao ambao halmashauri inaukusanya kutoka kwa wakulima haohao wa tumbaku. Lakini jezi za watoto zisibebe nembo ya kampuni ya sigara hata kidogo. Hatuwezi kumfundisha mtoto kulinda mapafu yake huku tukimgeuza kuwa tangazo la kinachoyaharibu.

Kwa hiyo naomba mambo yanayotekelezeka mwaka huu. Halmashauri ya Uyui, kupitia ofisa wake wa utamaduni na michezo, iwakutanishe wazee wa kata zake, Tura ikiwemo, na iandike kanuni za michezo kumi ya asili kwa Kiswahili chepesi, pamoja na nyimbo zake na faida zake kwa mwili. Mashindano ya ngazi ya kata yaingize michezo mitatu kati ya hiyo, kwa wavulana na wasichana sawasawa, na kila mtoto wa darasa ashiriki badala ya wachache waliochaguliwa. Mchakamchaka urudi walau siku tatu kwa wiki. Mhudumu wa afya wa kijiji awe na robo saa yake uwanjani kila wiki. Malya na Bagamoyo wapeleke wanafunzi wao wa mazoezi pamoja, mmoja wa michezo na mmoja wa sanaa, katika shule moja ya kijijini.

Kwenu walimu wakuu: fungueni lango la uwanja kwa wazee. Kwenu wazazi: mtoto akisema ana kipindi cha michezo, msimtume shambani. Na kwenu wazee wa Tura, msisubiri barua. Nendeni shuleni mkiwa na mlichonacho, maana mtoto asiyefundishwa kucheza kwao atacheza kwa wengine, na huko hakuna atakayemtunza.